Uzoefu wangu: kukodi mashine ya kuchimbia mashimo ya nguzo, Mafinga

Nilikodi mashine ya kuchimbia mashimo kwa ajili ya uzio, geti na banda la ng'ombe wa maziwa katika shamba lililo nje kidogo ya mji wa Mafinga. Kila niliyemwomba ushauri kabla ya kukodi aliniuliza nina nguzo ngapi, ilhali sasa naamini kwamba swali linalopaswa kutangulia ni upana wa mashimo yenyewe, likifuatiwa na hali ya udongo.

Nguzo zangu za uzio ni za mikaratusi iliyotiwa dawa, ambazo huku Mufindi hazisumbui kupatikana, na mashimo yake yalihitaji upana wa sentimita 20 na kina cha sentimita 60. Nguzo za geti na za banda zilihitaji upana wa sentimita 45 na kina cha mita moja, ili zege lienee pande zote. Ukitazama kwa macho utadhani shimo la pili ni kubwa kiasi tu kuliko la kwanza, lakini ukipiga hesabu utaona kwamba udongo unaotoka humo ni zaidi ya mara nane. Kwa hiyo anayekodi mashine kwa kuhesabu nguzo peke yake anaweza kuchukua mashine isiyoiweza kazi yake.

Mwenye mashine alikuwa na za aina mbili. Ya kwanza ni ndogo, inatumia petroli na hushikwa na watu wawili, na keekee yake kubwa kabisa, yaani chuma kinachozunguka na kuchimba, ilikuwa ya upana wa sentimita 30. Kwa mashimo ya uzio ilinifaa sana: yalitoka yamenyooka, yana upana unaolingana, na udongo wa kurudishia ulikuwa mchache, hivyo nguzo zilishika vizuri baada ya kushindiliwa. Ya pili hufungwa nyuma ya trekta, na ndiyo niliyoitumia kwa mashimo mapana ya banda, ambalo liko kwenye tambarare. Geti liko kwenye mteremko, na dereva alikataa kusimamisha trekta pale kwa kuhofia kupinduka. Nilimuunga mkono. Mashimo hayo yalichimbwa na vibarua kwa sururu, mtaimbo na beleshi, na kwa ubora hayakupungukiwa na chochote.

Udongo wetu ni mwekundu, wa mfinyanzi. Katikati ya masika hung'ang'ania kwenye keekee hadi ikabidi kusimama kila mara kuukwangua, na kiangazi kikikolea hukauka ukawa mgumu mno kwa mashine ndogo. Nilichimba mvua zilipokuwa zimekatika lakini ardhi bado ina unyevu, na ningemshauri kila mtu wa nyanda hizi asubiri kipindi hicho. Jambo la kuangalia zaidi ni mawe na mizizi. Keekee ikikwama ghafla, mashine yenyewe hugeuka kwa nguvu mikononi mwa walioishika, na inaweza kuwaumiza viganja na mabega. Kwa sababu hiyo tulitanguliza mtaimbo kila tulipohisi jiwe, na sikuruhusu mtu mmoja aishike peke yake.

Kuhusu huduma, sikuridhika na keekee niliyokabidhiwa mwanzoni, kwani meno yake yalikuwa yamelika kabisa, na ilinibidi nisimamie jambo hilo mpaka ikabadilishwa kabla mashine haijapakiwa. Meno butu humaliza mafuta na muda, na muda huo unaulipia wewe. Makubaliano mengine nilitaka yaandikwe: siku inaanza kuhesabiwa saa ngapi, nani analipia pini inayoshikilia keekee ikikatika, na petroli ichanganywe na oili kwa kiwango gani, maana injini ya aina ile ikipewa petroli tupu huungua.

Kwa mwenye mashimo machache, hata yakiwa mapana, naona vibarua wazuri wanatosha, kwa kuwa gharama ya kusafirisha mashine hubaki ileile. Uzio mrefu wenye mashimo membamba ndio unaolipa kukodi. Upande wa shamba uliobaki ni mteremko mtupu, na huko nitakodi tena mashine ndogo, huku nguzo za kona, zinazohitaji mashimo mapana, nikiwaachia vibarua walewale.