Ukilazimika kununua shangingi: lipi lishikwe kwanza, lipi liachwe

Naishi Arusha, na kazi yangu hunipeleka Loliondo mara mbili au tatu kwa mwezi. Mpaka Mto wa Mbu ni lami. Pale ukikata kulia kuelekea Engaruka na Ngaresero, unakutana na mawe, makorongo na vumbi la majivu ya Ol Doinyo Lengai, laini kama unga wa sembe. Gari dogo halidumu njia hiyo. Kwa hiyo naendesha shangingi, Land Cruiser VX ya dizeli, na kila nikijaza tangi najua ninachokwenda kukimwaga angani: lita moja ya dizeli ikiungua hutoa karibu kilo 2.7 za hewa ya ukaa. Nalipenda gari langu, na jambo hilo linaniuma. Mwongozo huu nauandika nikiwa na yote mawili moyoni.

Kwanza niwaondoe wasiohusika. Kama wiki yako yote ni Mwenge hadi Posta, au Njiro hadi mjini, na kijijini huenda Krismasi tu, huhitaji gari lolote katika orodha hii. Nunua RAV4 au kitu cha ukubwa huo, na hiyo safari moja ya mwaka kodi Land Cruiser na dereva anayeijua njia. Hutakosa heshima yoyote.

Anayebaki ni yule ambaye barabara inamlazimisha: mfugaji, mkandarasi, mganga wa kituo cha afya kisichofikika masika, mwenye shamba juu ya mlima. Huyu namwomba afanye hesabu moja kabla ya kuuliza bei. Tuseme unatembea kilomita 15,000 kwa mwaka. Gari la dizeli linalokwenda kilomita 10 kwa lita litakunywa lita 1,500. La kilomita 7.5 litakunywa lita 2,000. Petroli ya V8, yaani injini ya silinda nane, inayokwenda kilomita 5 itakunywa lita 3,000. Kwa hewa ya ukaa hizo ni kama tani 4, tani 5.4 na tani 6.9 (lita ya petroli hutoa kidogo kuliko ya dizeli), kila mwaka, kwa miaka yote utakayokuwa nalo. Ukiagiza injini umeshaamua, na hakuna fundi atakayeigeuza hesabu hiyo baadaye. Ndiyo maana orodha yangu haianzi na gari lenye nguvu kuliko yote. Inaanza na lile linalomaliza kazi yako kwa kiu ndogo zaidi.

1. Toyota Prado, 120 au 150

Kwa watu wanane kati ya kumi wanaoniuliza, jibu ni hili. Lina chesisi ya kweli, gia nzito, na foo wili ya kudumu. Pandisho na tope la kawaida la vijijini halilishindi. Ugumu uko kwenye kuchagua injini, na hapa ndipo wengi huumia.

Injini ya dizeli ya lita 3.0, 1KD, ndiyo ninayoipenda. Ikiwa nzima itakupa kilomita 9 hadi 11 kwa lita safarini. Lakini ina ugonjwa wake. Washa, yaani pete ndogo za shaba zinazokaa chini ya nozeli za kupulizia mafuta, zikichoka, moto wa silinda huvuja na kugeuza oili kuwa masizi mazito kama lami. Masizi hayo hushuka kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini, yanaziba chujio la pampu ya oili, na injini inakufa ghafla barabarani wakati dereva hajaona dalili yoyote kubwa. Kwa hiyo ukinunua Prado ya 1KD, hata kama muuzaji anaapa, siku ya kwanza shusha sampu utazame chujio, kisha badilisha washa zote nne. Ni kazi ndogo sana ukiilinganisha na kununua injini nyingine. Kumbuka pia ina mkanda wa taimingi, tofauti na zile za petroli zenye cheni.

Ya pili ni petroli ya lita 2.7, 2TR, ambayo ndiyo nyingi katika Prado 150 zinazotoka Japani. Haina fujo, haina turbo, na karibu kila fundi anaijua. Nguvu zake ni za wastani, na mjini inashuka hadi kilomita 6 au 7 kwa lita. Kwa mkaaji wa Dar es Salaam, hata hivyo, ina faida ambayo dizeli haina: inakubali kufungwa mfumo wa gesi asilia. Gesi ya Songosongo inafika Dar kwa bomba tangu 2004, mafundi wa Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT) wamekuwa wakifunga mitungi kwenye magari ya petroli kwa miaka mingi, na gharama ya kilomita moja hushuka sana. Hewa ya ukaa nayo hupungua kama moja ya tano. Utapoteza nafasi ya mizigo nyuma, na ukitoka nje ya maeneo yenye vituo utarudi kwenye petroli. Kwa mtu anayeshinda foleni za Dar siku tano na kwenda shamba Jumamosi, sijaona mpango bora.

Dizeli ya 2.8, 1GD, iliingia mwaka 2015. Ni nzuri na inabana matumizi, ila ina kichujio cha masizi kwenye ekzosi ambacho kinahitaji safari ndefu ili kijisafishe. Ukiiendesha kilomita tatu tatu mjini, taa itawaka, na utampata fundi atakayekushauri akikate kichujio akutupie. Usikubali. Dizeli yetu tangu Januari 2015 ina kiwango cha salfa kisichozidi sehemu 50 kwa milioni, kilichowekwa kwa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, hivyo kisingizio cha zamani kwamba mafuta yetu ni machafu mno hakina uzito uleule. Kichujio kikikatwa, masizi yale yanaingia kwenye mapafu ya watoto wanaosubiri daladala.

2. Land Cruiser Hardtop, 76 na 78, injini ya 1HZ

Huyu ndiye mkonga, kwa lile bomba la hewa lililopanda pembeni ya kioo kama mkonga wa tembo. Injini ya lita 4.2, silinda sita, haina turbo wala kompyuta ya kusumbua, na nguvu zake hazifiki farasi 140. Ni mzito kuchapuka na kelele zake utazizoea tu. Anakwenda kilomita 7 au 8 kwa lita. Nimemweka juu ya magari yenye starehe kubwa kwa sababu moja: akiharibika kijijini, Malambo au Sale, kuna kijana atakayemtengeneza na spea zitakuja na basi. Gari linalodumu miaka thelathini bila kuhitaji jingine lizalishwe lina haki yake katika hesabu ya mazingira, mradi halitoi moshi.

Mengi yaliyoko sokoni yametoka minadani, yakiwa na historia ya namba za STK (serikali) au DFP (miradi ya wafadhili). Hayo yana shida moja: yameendeshwa na madereva wengi ambao hayakuwa yao. Angalia nyufa za chesisi, hasa yale yaliyobeba abiria kumi na tatu na mizigo juu ya paa.

3. Land Cruiser 100 VX, dizeli ya turbo

Hili ndilo langu, kwa hiyo nisomeni mkijua hivyo. Injini ya 1HD-FTE, lita 4.2, silinda sita zenye turbo, nguvu zaidi ya farasi 200, na utulivu wa barabarani ambao Prado haiwezi kuufikia. Ukipanda nalo kutoka Mto wa Mbu kwenda Rhotia ukiwa na mizigo, unaelewa kwa nini watu wanalilia. Safarini hupata kilomita 7.5 hadi 8 kwa lita.

Magari haya yalitengenezwa kati ya 1998 na 2007, na mengi yalikuja kwetu kwa sababu ambayo inafaa kila mnunuzi aijue. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Japani ilikaza sheria ya moshi wa dizeli kwa miji mikubwa kama Tokyo na Osaka. Dizeli za zamani hazikuweza tena kusajiliwa huko, zikauzwa nje kwa bei ya kuvutia. Moshi uliokataliwa Tokyo ukapandishwa meli. Mimi ni mmoja wa walioupokea, na ndiyo sababu naona nina deni la kuhakikisha gari langu halifuki.

Angalia mambo matatu. Mkanda wa taimingi ni wa kubadilishwa kila kilomita 100,000, na taa ya T-BELT kwenye dashibodi huwaka ikifika; mwulize muuzaji ulibadilishwa lini na kwa ushahidi gani. Kama gari lina mfumo wa kupanda na kushuka kwa maji ya haidroli, lipandishe juu kabisa na ulishushe, usikilize. Mfumo huo ukifa, wengi huufumua na kufunga springi za kawaida na shokapu. Si vibaya, ila bei ipungue. Tatu, tazama kutu chini ikiwa gari lilikaa Japani ya kaskazini kwenye barabara za chumvi.

Kwa Kenya, gari lililozidi miaka 8 haliruhusiwi kuingizwa, kwa hiyo ndugu zetu wa huko watalipata kwa mkononi tu, kwa mtu ambaye tayari analo huko. Kwetu kuna ushuru wa ziada wa uchakavu kwa gari lililopita miaka 8. Pitia kikokotoo cha Mamlaka ya Mapato (TRA) kabla ya kutuma hata senti moja.

4. Land Cruiser 200

Mtaani likisemwa "V8", ndilo hili. Lilianza 2007 na kupisha toleo la 300 mwaka 2021. Dizeli yake ya lita 4.5 ina turbo mbili na mvuto unaozidi Nm 600. Ni injini ya ajabu, na kwa ukubwa wake hailewi kama watu wanavyodhani, kilomita 7 hadi 9 safarini. Lakini Japani haikuuzwa na dizeli. Ukionyeshwa 200 iliyotoka Japani, ni petroli, ya 4.7 au 4.6, na hiyo ni kilomita 5 hadi 6 kwa lita. Nimeona watu watatu wakigundua hili gari likiwa limeshafika bandarini.

Dizeli nazo huja kutoka Uingereza, au ni zile zilizouzwa hapa mpya. Adui yake ni vumbi. Ukifungua kasha la filta ya hewa na kukuta unga upande wa ndani, upande wa kwenda kwenye turbo, funga boneti, aga na uondoke. Nozeli ni nane. Ukishindwa bei ya nne za Prado, hizi usiziguse.

Yaliyobaki

Nissan Patrol Y61 yenye petroli ya lita 4.8 inapendwa sana Omani na Ghuba, na kwenye mchanga ina sifa ya haki. Huku, ikinywa lita moja kwa kilomita tano, haina nafasi. Ile ya dizeli ya lita 3.0, ZD30, ina historia ya kutoboa pistoni, ya 4.2, TD42, ni ngumu kama 1HZ, ukiipata. Land Rover Discovery 4 ni tamu kuliko zote kukalia na inabana mafuta, ila inataka fundi mwenye kompyuta yake na mfuko usiochoka. Mbali na Nairobi au Dar sikushauri.

Ukishalinunua

Mwaka wangu wa kwanza na VX nilikuwa napata kilomita 6 na nusu kwa lita, na moshi mweusi kila nilipokanyaga. Nikadhani ndiyo tabia ya gari kubwa. Fundi mmoja mzee aliweka mkono kwenye bomba la rejeta baada ya dakika ishirini za safari, akasema, "Mwanangu, gari hili halina themostati." Themostati ndiyo inayozuia maji ya rejeta kuzunguka mpaka injini ipate joto lake; gereji ya awali iliitoa, kama wengi wafanyavyo kwa kuogopa injini isichemke. Injini ilikuwa inakimbia baridi siku nzima, ikimwagiwa mafuta ya ziada na kuchakaa silinda. Tulirudisha themostati, tukaweka kulenti badala ya maji ya bomba, filta mpya ya hewa, nozeli zikapimwa na mbili kubadilishwa. Nilirudi kwenye kilomita 7.8 na moshi ukaisha. Kwa kilomita zangu 18,000 za mwaka, hiyo ni zaidi ya lita 450 nisizozichoma tena. Hakuna kifaa cha kisasa kilichonipa faida hiyo.

Mengine ni ya kila siku. Kwenye vumbi lile la Ngaresero nafungua filta ya hewa kila safari. Keria ya juu naivua nisipoihitaji, maana upepo wake unalipiwa kwenye pampu. Upepo wa matairi unaoshushwa kwa ajili ya mchanga urudishwe kabla ya lami. Na tuache kuwasha injini saa nzima nje ya ofisi ili kiyoyozi kimsubiri bosi. Oili chafu usimwachie fundi aimwage nyuma ya gereji: beba kopo lako, mpe anayepaka nguzo na mbao dhidi ya mchwa, au peleka panapokusanywa.

Siku ya kwenda kuliona gari, mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Fika saa moja asubuhi, gusa boneti. Ikiwa ya moto, kuna jambo wamelificha. Ikiwa baridi, mwache awashe wewe ukiwa nyuma, na shika kitambaa cheupe mita moja kutoka kwenye ekzosi. Moshi wa bluu ni oili, mweupe usioisha ni nozeli au gasketi, na mweusi kidogo unaopotea haraka unasameheka. Kisha fungua mfuniko wa oili injini ikiwa inaunguruma. Tundu lake likitoa pumzi nzito kama birika, rudi nyumbani na hela zako.