C, lugha ya wazee wenye majina: nimeitumia miezi tisa, haya ndo niliyoyaona

Wakuu, hii ni rivyuu ya lugha ya C, na naanza kwa kukiri kabisa kwamba sikuichagua kwa akili zangu, niliichagua kwa kuangalia nani anaitumia. Kuna watu wananunua kiatu kwa sababu wamekiona mguuni mwa mchezaji wanayempenda, mi nimefanya hivohivo kwa lugha ya kuprogramu. Nilikuwa na Python yangu miaka minne, maisha matamu, kazi zinaenda, halafu siku moja nikawa nahesabu vitu ninavyovigusa kila siku na watu waliovitengeneza: Git (ya kutunza matoleo ya programu) na kerneli, yaani kiini, ya Linux za Linus Torvalds, SQLite (hifadhidata) ya Richard Hipp, curl (ya kuhamisha data mtandaoni) ya Daniel Stenberg, Redis (hifadhidata ya kwenye memori) ya Salvatore Sanfilippo, FFmpeg (ya video na sauti) na QEMU (ya kuiga kompyuta nyingine) alizozianzisha Fabrice Bellard. Zote C. Hata hiyo Python niliyokuwa naringa nayo, Guido van Rossum aliiandika kwa C. Nikasema hapana bana, hawa hawawezi kuwa wamekosea wote, kuna utamu hapo naukosa.

Sasa miezi tisa imepita. Utamu upo, ila haupo pale nilipoutafuta.

Niseme kwanza mazuri maana yapo mengi. C haina kampuni nyuma yake, haina msemaji, hakuna mtu anakubembeleza uijaribu, chema chajiuza. Dennis Ritchie aliitengeneza Bell Labs mwanzoni mwa miaka ya 70, kufika 1973 kerneli ya Unix, mfumo endeshi wa hapohapo Bell Labs, ishaandikwa upya kwa hiyo C, na mpaka leo kitu kikubwa hakijabadilika. Toleo la kiwango la 1989 lina maneno 32 tu ya lugha, yaani unakaa wikiendi moja umeyamaliza yote na bado unapata muda wa kulala mchana. Nikalinganisha na lugha nyingine ambazo kila mwaka zinaongeza mapambo mapya mpaka unajiona umezeeka, hapa nikapumua. Na spidi, jamani spidi. Nilikuwa na kiprogramu changu cha kuchambua mafaili ya kumbukumbu za seva, kwenye Python kinakwenda dakika nne na ushee, nikakiandika upya kwa C kikamaliza kabla sijashika simu, nikadhani kimegoma, nikakirudisha tena mara tatu kuhakikisha.

Halafu kuna ile raha ya kujua kitu kiko wapi. Ukitaka baiti 16 unapewa baiti 16, hakuna mtu katikati anayekufichia. Nadhani hicho ndo kinawashika watu kama Torvalds, anasoma kodi (maandishi ya programu) ya mtu mwingine na anaona moja kwa moja mashine itafanya nini. Mwaka 2007 kuna mtu alilalamika kwa nini Git haikuandikwa kwa C++, lugha iliyojengwa juu ya C, jamaa akamshukia kwa maneno makali, na sehemu ya hoja yake ilikuwa kwamba hata kama C isingekuwa na faida nyingine, kule kuwaweka mbali watu wa C++ kunatosha. Nilivyosoma nilicheka sana nikaona safi. Baadaye ndo nikagundua hiyo ni sababu ya bosi anayepokea kodi za maelfu ya watu, wewe uliye peke yako na laptopu yako haikuhusu hata kidogo.

Na hapa ndo nafika kwenye kitu kilichonifanya niandike hii rivyuu.

Hawa wazee wakiisifia C wewe unasikia lugha tu, huoni vitu walivyoizungushia. Mchukue Hipp. SQLite ipo tangu 2000, imo kwenye kila simu ya Android na kila iPhone, imo kwenye Chrome na Firefox, na anaeleza wazi kwamba alichagua C kwa ajili ya kasi, kwa sababu karibu kila mfumo unaweza kuiita na haitegemei vitu vingi. Sawa. Sasa angalia hesabu walizotoa wenyewe 2023: kodi ya SQLite ni mistari kama laki moja na elfu 55 hivi, kodi ya kuijaribu ni mistari milioni 92. Rudia kusoma hapo. Ni kama mara 590. Yaani kwa kila mstari mmoja unaofanya kazi kuna mistari 590 imesimama mlangoni inaukagua. Kiswahili kimetuwekea utani mzuri hapa, maana kodi ya kompyuta na kodi ya serikali ni neno moja, na kodi ya C mwenye kuilipa ni wewe, tena kila siku.

Mi sikulipa. Nikakiona cha moto.

Nilikuwa natengeneza kigemu kidogo cha kujifunzia, kina orodha ya wachezaji, kila mchezaji ana jina la baiti 16 na pembeni yake alama zake, vyote ndani ya struct moja, yaani kifurushi kimoja cha data. Jina nalinakili kwa strcpy, kazi (function) ya C ya kunakili maandishi, kama wengi tunavyofundishwa. Kikafanya kazi wiki mbili bila tatizo. Kisha mtu mmoja aliyekuwa ananijaribia akabadilisha jina, na alama zake zikashuka toka 1000 mpaka 768. Hajacheza, hajafanya chochote, kabadilisha jina tu. Nikakagua kodi ya alama siku mbili, safi kabisa. Nikawasha ile zana ya kompaila (programu inayogeuza kodi iwe ya mashine) ya kunusa makosa ya memori, kimya. Nikaanza kuhisi ni prosesa.

Kumbe jina lake jipya lilikuwa na herufi 16 kamili. C inamalizia kila stringi, yaani kipande cha maandishi, kwa sifuri moja ya kufungia, kwa hiyo herufi 16 zinataka baiti 17, mi nimetenga 16. Ile sifuri ikakosa nyumba ikaenda kulala kwa jirani, na jirani ndo alama. Kwenye mashine yangu baiti ndogo ya namba inakaa mwanzo, sifuri ikaifuta hiyohiyo, 1000 ikabaki 768. Hakuna kelele wala programu kufa, yaani namba imebadilika tu kama mtu aliyepunguza maziwa kwenye sufuria akaweka maji. Na ile zana ilinyamaza kwa sababu baiti yenyewe haikutoka nje ya struct, kwake yeye bado ni eneo langu halali. Nilikuja kuikamata nilipokompaili nikiwa nimewasha ukaguzi wa mipaka, yaani -O2 na -D_FORTIFY_SOURCE=2, hapo programu ikasimama palepale kwenye mstari wa strcpy.

Sasa mtu atasema huo ni uzembe wako, mzoefu hakosei hivo. Mkuu, Stenberg yuko na curl tangu miaka ya 90, ni mtu makini kupita kiasi, na 2021 alikaa akapitia matundu yote ya usalama ya curl akaandika mwenyewe kwamba karibu nusu yake ni makosa ya aina ya C, hayahaya ya kusoma au kuandika nje ya mpaka. Nilimpenda zaidi kwa hilo kuliko kwa curl yenyewe. Na kuna kazi (function) ya C inaitwa gets, inasoma maandishi bila kuuliza nafasi ipo kiasi gani, ile minyoo maarufu ya intaneti ya 1988 (programu iliyojisambaza yenyewe) ilipitia humohumo, na ikaja kuondolewa kwenye kiwango cha lugha na toleo la 2011. Miaka 23 mlango uko wazi na mwizi anajulikana. Hilo nakata nyota bila huruma.

Bellard usimtumie kama kipimo kabisa. Mtu ambaye mwishoni mwa 2009 alitangaza kapiga hesabu ya pai mpaka karibu tarakimu trilioni 2.7 kwa kompyuta moja ya kawaida ya mezani, huyo akikuambia kitu ni rahisi, piga makofi uondoke.

Kilichonishangaza mwishoni ni kuona wazee wenyewe wanavyoanza kusogea. Ken Thompson, aliyetengeneza lugha ya B ambayo C ilitoka humo, aliyeanzisha Unix na Ritchie, alikaa na Rob Pike na Robert Griesemer wakaleta lugha ya Go, ikatoka hadharani 2009, na memori inajisafisha yenyewe. Mwenye kiwanja kajenga pengine! Torvalds naye yule mkali wa 2007, Desemba 2022 kerneli 6.1 ikatoka na msingi wa kwanza wa kuandikia Rust, lugha mpya zaidi inayozuia makosa ya memori, ndani yake. Hakuiacha C, wala haelekei kuiacha, ila dirisha kalifungua. Mi nikiona hivo najua mapenzi ya hawa watu kwa C yana macho, sisi mashabiki ndo tumefumba yetu.

Kwa hiyo nani aichukue? Kama unafanya vifaa vidogo vyenye memori ya kubana, chukua, mbadala ni wachache. Kama unataka kuelewa Python au Redis inafanya nini ndani, chukua, miezi mitatu tu utarudi kwenye lugha yako ukiwa mtu mwingine. Kama unajenga kitu kitakachopokea maandishi kutoka kwa watu usiowajua kupitia intaneti na uko peke yako na huna muda wa kuandika majaribio, achana nayo, nenda Go au Rust, hakuna atakayekucheka, na akikucheka muulize ana mistari mingapi ya majaribio. Wale wa kuandika kwenye wasifu wao kwamba wanajua C kwa sababu Torvalds anaitumia, nilikuwa mmoja wenu, poleni.

Nyota tatu na nusu kati ya tano. Moja nimekata kwa stringi, nusu kwa maelezo ya makosa ya kompaila ambayo yanakulaumu mstari wa 40 wakati umesahau nukta-mkato mstari wa 12 kwenye faili lingine kabisa.

Kigemu bado kipo, na bado ni C. Jina sasa lina baiti 17, strcpy nimeitoa, na kwenye mafaili ya majaribio mchezaji wa kwanza kabisa ni yule mwenye herufi 16, alama 1000. Nimehesabu jana: kodi mistari 900, majaribio 310. Kwa kipimo cha Hipp nimebakiza majaribio ya mistari laki tano na elfu 30 hivi.