TAHADHARI: Anayeuza "kitabu cha rabi" hapa Brooklyn ni tapeli, kanipiga dola 2,300

Najua wapo watakaocheka. Chekeni, ila someni, maana jamaa bado yuko mtaani. Leo asubuhi mdogo wetu mmoja kanionyesha picha alizotumiwa: kitabu kingine, rabi mwingine, mwandiko uleule. Nikasikia tumbo limekata.

Hela ni ile ya kiwanja. Wanaonijua wanajua kiwanja gani na nilibakiza kiasi gani. Tusiongelee hapo.

Ilikuwa Jumapili, mvua inanyesha, tumekaa kwenye mgahawa jirani na kituo cha treni cha Church Avenue. Mimi nakula chipsi. Jamaa akaingia na mfuko wa plastiki, ndani taulo jeupe, ndani ya taulo kitabu. Kabla hajakifunua akaniambia, "Kaka, futa mikono kwanza, hii si bidhaa ya kushika na mafuta." Nikafuta! Mtu mzima nafuta vidole kwa tishu kama mtoto anayeandaliwa kula biriani. Akawa anafungua kurasa kwa ukucha, taratibu, na harufu ikapanda, ile ya sanduku la bibi. Jalada la ngozi nyeusi, kona zimelika, kurasa zina vitundu vya wadudu. Ukurasa wa kwanza, juu kabisa, mistari miwili ya wino wa kahawia na muhuri wa duara.

Akainama kama anatoa siri. "Hii sahihi ni ya Levi Yitzchak wa Berdychiv."

Hapo ndipo aliponimaliza, kwa sababu jina nalijua. Mzee ninayemhudumia Borough Park (mnamjua, yule Mhasidi, yaani Myahudi wa kundi la wacha Mungu, mwenye sigara zake) hapitishi wiki bila kumtaja: rabi wa kule Ukraine ambaye Wahasidi wanasema alikuwa akisimama kuwatetea watu wake mbele ya Mungu, hata kwa kulalamika. Na kitabu chenyewe kilikuwa Shulchan Aruch, sehemu ya Yoreh De'ah, ile ya kuchinja, nyama na maziwa, na mengine. Kwa wasiojua, ni kama kitabu chetu cha fiqhi. Aliyekiandika ni Yosef Karo, akiwa Safed, kikachapwa mara ya kwanza Venice mwaka 1565. Haya yote nimeyapata kwa mzee huyohuyo. Nikajiona mtaalamu. Nikakumbuka na yale anayosema kila mara, kwamba kitabu chenye mkono wa rabi mkubwa kwenye mnada kinafika maelfu ya dola. Nikapiga hesabu palepale, nikaona kiwanja, nikaona na nyumba juu yake.

Msiniambie "ungeuliza kwanza". Jamaa anaongea Kiswahili cha Tanga, hana haraka, ana adabu. Katikati ya maongezi mama akapiga simu, akaomba amsalimie. "Shikamoo mama." Mama kamsifia, kijana kalelewa huyo. Kijana kalelewa! Akanieleza kwamba anafanya kazi ya kusafisha nyumba za marehemu, kwamba familia moja ya Wahasidi walimwambia atupe vitabu vyote vya babu yao kwenye takataka, yeye akakiokoa hiki. Akaanza na 5,000. Akanionyesha ujumbe wa mnunuzi wa Jerusalem anayetoa 9,000, ila hela itachelewa na yeye kesho ana ada ya mtoto. "Kwa kuwa ni wewe, 2,300." Nikakimbia na mvua mpaka kwenye mashine, nikatoa 800, nyingine nikatuma kwa simu. Alihesabu mara mbili, halafu akanilipia chipsi. Hizo chipsi ndizo zinaniuma mpaka leo.

Jumatatu nikampelekea mzee kwa mbwembwe. Akavaa miwani, akasoma ukurasa wa jina, akacheka. Akaniangalia usoni, akaacha kucheka.

Wao mwaka wanauandika kwa herufi, kila herufi na namba yake, kama hesabu ya abjadi ya wazee wetu wa pwani. Akanihesabia kwa vidole: tav 400, kuf 100, ayin 70, zayin 7. Jumla 577, yaani mwaka 5577 wa kalenda yao, zile elfu tano hawaziandiki. Kupata mwaka wetu, kwenye 577 ongeza 1240, unapata 1817. Levi Yitzchak amefariki 1809. Kwa hiyo marehemu alifufuka, akanunua kitabu, akasaini, akarudi kaburini.

Na lile neno AMSTERDAM kubwa ambalo jamaa alilishika kidole akisema kimechapwa Uholanzi? Juu yake kuna kijimstari kidogo kinachosema "kwa herufi za" Amsterdam. Wachapaji wengi wa zamani walikuwa na mchezo huo, maana herufi za Amsterdam zilisifika. Kumbe utapeli mwingine kaukuta humohumo ndani, wa miaka mia mbili. Mzee anasema kitabu ni cha zamani kweli, ila cha kawaida, kimechoka, na kwa mtu mwenye huruma utapata labda dola mia.

Angalieni wino kwenye vitundu vya wadudu. Ukiwa umeingia ndani ya kitundu, ujue mdudu alikula kwanza, mwandishi akaja baadaye. Wangu umeingia. Na ile hadithi ya takataka ni uongo mtupu: familia ya dini haitupi kitabu kitakatifu, kikichakaa kinawekwa kwenye geniza, yaani mahali pa kuhifadhi maandiko matakatifu yaliyochakaa, na baadaye kinazikwa ardhini. Mimi hili nalijua! Nimembebea mzee maboksi hayo kwa mikono yangu hii! Siku ile sijui akili ilienda wapi.

Nimeenda polisi, wameandika, wamenipa namba ya karatasi. Mimi ningepewa uamuzi, huyu angekalishwa mbele ya jumuiya nzima, mama zetu wote wapo, arudie ile shikamoo yake. Halafu arudishe hela, halafu ndio polisi wamchukue. Simu haipokei. Jina alilonipa si lake.

Kitabu nilitaka kukichoma. Mzee kakataa kabisa, kasema mwenye kosa ni aliyesaini, si sheria iliyomo, kakichukua, kakiweka kwenye boksi lake la geniza.

Yule mdogo wetu kaambiwa wakutane Ijumaa saa kumi, mgahawa uleule. Anayetaka kuja na mimi aniandikie leo.