Shefu wa kartiye ao tribinali de pe: mujane asambe wapi?

Hiki kiulizo kinarudi kila mara huku Katuba, mu Lubumbashi: bashemeki bakitaka kufukuza mama mujane mu nyumba, aende wapi, kwa shefu wa kartiye ao ku tribinali de pe (korti ya serikali ya kesi ndogo na za familia)?

Kwa feza shefu wa kartiye anashinda, iko karibu, unaenda kwa miguu, munaongea Swahili yetu, unaacha kitu kidogo ya karatasi na pengine siku ileile mumesikilizana. Shida ni kesho: shemeki akikana, ile karatasi haina nguvu.

Tribinali de pe iko muzito: avoka, transporti, makaratasi yote Kifaransa, na kuambiwa rudi wiki ijayo, tena ijayo. Lakini hukumu yake inashika, na Kode ya familia (sheria ya Kongo ya 1987, ikatengenezwa 2016) inamupa mujane haki ya kubakia mu nyumba alikuwa anaishi na bwana yake. Hauna feza? Tafuta setifika ya endijansi (karatasi ya kuonyesha hauna feza), inaweza kukuondolea malipo ya tribinali (minashangaa vile bantu bengi habaijui).

Kama bashemeki bangali banasikia, anza na shefu. Kama bamesha kubadilisha serire ya mulango, pita moja kwa moja tribinali. Haya ni ya mambo ya nyumba tu: ubakaji usipeleke kwa shefu hata kidogo, ile haipatanishwe.