TAHADHARI: Krinoidi "za Turkana" zinazouzwa Nairobi ni feki

Kuna muuzaji anayezunguka kwenye makundi ya wapenzi wa mawe na visukuku hapa Nairobi akijiita mchimbaji. Jina na laini ya simu hubadilika, lakini bidhaa ni zile zile tatu: pingili za krinoidi (mnyama wa baharini anayefanana na ua) zilizotungwa kama shanga, krinoidi nzima yenye mikono juu ya bamba la jiwe, na nafasi kwenye "safari ya kuchimba" ya wikendi. Waliolipa wameletewa mawe ya Kisii yaliyotobolewa au rezini (plastiki ya kumiminwa) iliyopakwa rangi. Wengine hawakuletewa chochote.

Kabla ya kukagua jiwe, soma kijikaratasi kinachokuja nalo. Cha muuzaji huyu huandikwa "Turkana, miaka milioni 2", na hapo biashara imeshaharibika. Krinoidi ni jamaa wa kiti cha pweza na jongoo bahari, na ukoo huo wote ni wa maji ya chumvi. Hakuna krinoidi wa ziwani wala wa mtoni. Visukuku vilivyoipa Turkana sifa vimetoka kwenye udongo wa ziwa na mito. Akibanwa, muuzaji huleta hoja ya nyangumi: si aliwahi kupatikana nyangumi Turkana? Ni kweli, mwaka 1964, wa miaka milioni 17 hivi. Lakini watafiti waliomchunguza walieleza kuwa alipanda mto kutoka baharini akakwama bara. Nyangumi anaogelea. Krinoidi wengi wenye shina hukaa walipojishikiza.

Majina mengine ya mahali anayotaja hayamsaidii. Magadi ni ziwa la magadi, si bahari. Marumaru ya Kajiado yalipikwa na joto na mgandamizo wa ardhi kiasi kwamba kisukuku kisingebaki. Nairobi yenyewe imekaa juu ya mawe ya volkano. Mawe ya bahari ya zamani, ya kipindi cha Jurasiki, yako Pwani, sehemu za Kilifi na Mombasa, na kaskazini Mandera. Hata huko mtu hachukui tu nyundo na tindo akaenda. Sheria ya Makumbusho na Turathi za Kitaifa ya mwaka 2006 inasema mali kale iliyo ardhini, visukuku vikiwemo, ni ya Serikali, na ili kuitafuta au kuitoa nchini lazima uwe na kibali. Kwa hiyo kisukuku kikiwa cha Kenya kweli, mwulize kibali kiko wapi. Kikiwa cha Morocco au Marekani, mwulize kwa nini karatasi inasema Turkana. Hana jibu la swali lolote kati ya hayo mawili.

Sasa mawe yenyewe. Shanga ndizo rahisi kuzikamata. Shina la krinoidi limeundwa kwa pingili zilizopangana, nyingi za milimita chache hadi sentimita 2 hivi kwa upana. Pingili halisi ni kalsaiti (madini ya mawe ya chokaa), ambayo ugumu wake ni 3 kwenye kipimo cha Mohs, ambacho almasi ni 10. Jiwe la sabuni la Kisii ni laini kuliko ukucha, na ukucha ni kama 2.5. Kwaruza kwa ukucha ndani ya tundu au ubavuni, kwa sababu uso wa nje huwa umepakwa nta. Ukitoka unga mweupe unaoteleza vidoleni, hilo ni jiwe la sabuni. Kalsaiti haikwaruzwi na ukucha ila kisu cha chuma huikwaruza.

Kisha angalia uso wa pingili kwa lenzi ya mkono inayokuza mara 10. Nyingi za kweli zina mistari midogo inayotoka katikati kwenda ukingoni, iliyopangika sawasawa, kwa sababu pingili mbili zilishikana kwa mistari hiyo. Tundu la katikati linaweza kuwa la duara, nyota ya ncha tano au kama ua la petali tano, na mara nyingi limeziba kwa mwamba ule ule uliozunguka kisukuku. Za huyu muuzaji zina tundu safi lililonyooka, lenye alama za kuzunguka za keekee, la upana mmoja katika kamba nzima. Nyota zake nyingine zina ncha sita! Maumbile ya krinoidi yamejengwa kwa tano, ingawa pingili ya duara kabisa nayo ni ya kawaida, kwa hiyo usiikatae kwa umbo hilo peke yake.

Kipimo kikali kuliko vyote ni pale penye mpasuko. Kila pingili ni fuwele moja ya kalsaiti. Mnyama akiwa hai huwa na vitundu vidogo ndani yake, na baada ya kuzikwa kalsaiti mpya hujaza vitundu hivyo ikifuata mpangilio ule ule. Ndiyo maana pingili iliyovunjika huonyesha uso bapa unaong'aa wote kwa mara moja ukiugeuza juani, kama kioo kidogo. Kuchonga hivyo haiwezekani, na rezini haivunjiki hivyo. Kamba yenye pingili thelathini isiyo na hata moja iliyobanduka itilie shaka.

Bamba lenye krinoidi nzima linataka subira zaidi, maana ndipo pesa nyingi zinapokwenda. Krinoidi akifa, mwili huachana vipande haraka sana, hivyo aliyekamilika mwenye shina, kikombe na mikono ni nadra. Huhifadhika pale matope yalipomfunika ghafla, kama ilivyokuwa Crawfordsville, Indiana, ambako wanatoka wale wa kijivu wanaopendeza sana kwenye picha. Picha za muuzaji huyu zinafanana mno na hao. Mwambie akupigie picha mpya: jiwe juu ya gazeti la leo, rula pembeni, na nyingine ya upande wa nyuma na kingo. Hapo ndipo visingizio huanza.

Ukikutana na bamba uso kwa uso, nenda na vitu vinne: lenzi, siki, tochi ya urujuanimno (ile ya kukagulia noti inatosha) na pamba yenye asetoni, ya kufutia rangi ya kucha. Anza na tochi gizani. Gundi na rezini nyingi hung'aa rangi ya samawati nyeupe, na utaona mstari mahali vipande vilipounganishwa. Futa kona moja kwa asetoni. Rangi ya kupaka itahamia kwenye pamba. Kwenye lenzi tafuta vitundu vya mviringo vya viputo vya hewa, dalili ya kitu kilichomiminwa kwenye kalibu. Mwisho kwaruza kidogo upande wa nyuma na kwenye kisukuku, udondoshe siki juu ya unga: kalsaiti hutoa mapovu madogo taratibu. Jasi na plastiki hazitoi.

Siki ina mitego miwili. Unga wa chokaa uliochanganywa na gundi nao hutoka povu, na krinoidi halisi iliyogeuka kuwa silika (madini ya mchanga) haitoi. Usihukumu kwa siki peke yake.

Rezini hujulikana pia kwa uzito. Weka bakuli la maji kwenye mizani ya jikoni, ifanye isome sifuri, ning'iniza jiwe kwa uzi lizame lote bila kugusa chini. Namba inayosomeka kwa gramu ndiyo ujazo kwa sentimita za ujazo. Jiwe la gramu 81 likisoma 30, gawa 81 kwa 30: unapata 2.7, yaani gramu 2.7 kwa kila sentimita ya ujazo, uzito wa kalsaiti. Rezini tupu huwa karibu na 1.2. Jiwe la sabuni nalo hukaribia 2.7, kwa hiyo kipimo hiki hakilikamati. Usizamishe jiwe la udongo laini, litamumunyuka, wala lenye vimeta vya pairaiti (madini ya chuma yanayong'aa kama dhahabu), maana unyevu huioza.

Kuna daraja la kati linalowachanganya hata wenye uzoefu: mabamba ya Scyphocrinites (aina ya krinoidi) kutoka Morocco. Mengi ni halisi kwa sehemu, halafu mikono ikachongwa kwenye mwamba au kuongezwa kutoka vipande vingine. Si haramu kuyauza hivyo mradi mnunuzi aambiwe. Huyu haambii mtu, na bei yake ni ya kipande kisichoguswa. Pingili za kulegea zisikutoe pesa nyingi hata zikiwa za kweli. Kuna miamba ya chokaa Uingereza na Marekani iliyojaa pingili tupu.

Ile safari ya kuchimba usiilipie kabisa. Anayeongoza safari halali hukuonyesha leseni kabla hujatoa senti. Anayetaka kuona krinoidi bila kuvunja sheria aanze na sakafu na meza za mawe ya chokaa kutoka nje ya nchi zilizo kwenye majengo ya mjini. Baadhi zina visukuku vilivyokatwa, na shina la krinoidi huonekana kama kiduara chenye nukta katikati.

Kama umeshatuma pesa, peleka ujumbe wa M-Pesa wa muamala huo kwa 456 sasa hivi ukiomba urejeshewe. Njia hiyo ilikusudiwa waliokosea namba, na pesa zikishatolewa hakuna cha kuzuia, hivyo dakika zina maana. Namba ya tapeli iripoti kwa 333. Nenda kituo cha polisi uandikishe na uchukue namba ya OB (kitabu cha matukio). Beba ujumbe wa malipo, picha za skrini za mazungumzo zinazoonyesha namba yake (zihifadhi kabla hajakufungia), na mzigo wenyewe ukiwa na kijikaratasi chake cha "Turkana". Usilisafishe jiwe wala kumuuzia mwingine ili upunguze hasara.