Eton College: mzazi analipia nini hasa?

Anayetaka kuipima Eton College, shule ya bweni ya wavulana huko Uingereza, kama huduma nyingine yoyote ya kulipia hana budi kuanza na ada, ambayo imepita pauni 60,000 kwa mwaka kwa mvulana mmoja tangu serikali ya Uingereza ilipoanza kuzitoza shule binafsi kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 20, Januari 2025. Kwa fedha hizo mtoto wa miaka 13 hupata walimu hodari, viwanja, maktaba na chumba cha peke yake tangu siku anayoingia. Katika hayo sioni la kulaumu.

Lakini hisabati hufundishwa vizuri kwingine kwa fedha kidogo. Kinachouzwa hapa ni miaka mitano ya kuishi nyumba moja na wavulana wapatao 50, kula nao, kushindana nao na kuzijua familia zao, katika shule iliyokwisha kutoa mawaziri wakuu 20, hata uongozi wa nchi ukaonekana kwa kijana kuwa jambo la kawaida, kama kazi ya mjomba. Utulivu huo mbele ya wakubwa haumo katika silabasi yoyote, nao ndio utakaombeba kwenye usaili wa kazi, ambako utaitwa kipaji.

Linalonikera ni asili ya jambo lenyewe. Mfalme Henry VI aliianzisha shule hii mwaka 1440 kwa ajili ya wanafunzi maskini, ambao idadi yao iliwekwa kuwa 70, wasome bure. Watoto wa matajiri walipokelewa kwa malipo, wakapanga mjini, ndiyo maana wanaolipa huitwa Oppidans hadi leo, kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya mji. Sasa shule ina wavulana wapatao 1,300. Wale 70 wangali 70, tena huchaguliwa kwa mtihani mgumu unaowafaa zaidi waliokwisha kuandaliwa katika shule nyingine za kulipia. Pamoja na hayo, shule imesajiliwa kama taasisi ya hisani!

Mwenye fedha atapata alicholipia. Asiye nazo aulizie ufadhili mapema, kwa kuwa wapo wavulana wanaolipiwa ada yote. Ila akumbuke kwamba likizo, wenzake wanapoalikana majumbani, hazimo katika ufadhili huo.