Ziara ya kumbi za zamani za maonyesho jijini London: niliyoyaona

Nilipokata tiketi ya ziara hii ya miguu nilitarajia kuoneshwa majengo, lakini nilichopata, na ninashukuru kwa hilo, ni historia ya watu waliokuwa wakiyajaza. Kiongozi wetu alianzia Covent Garden na kisa cha mwaka 1809, watazamaji walipopinga kupandishwa kwa viingilio kwa kelele na ghasia za zaidi ya usiku 60, mpaka uongozi wa ukumbi ukalazimika kurudisha bei ya zamani ya viti vya chini.

Sehemu iliyonigusa zaidi ni maelezo ya jinsi umati ulivyoongezeka. London ilikuwa na watu wapatao milioni 1 mwaka 1801, na karne ilipokwisha walikuwa wamepita milioni 6. Taa za gesi, zilizowashwa katika ukumbi wa Drury Lane mwaka 1817, ziliangaza jukwaa kuliko mishumaa ilivyoweza, na sheria ya mwaka 1843 iliondoa ukiritimba wa kumbi chache zilizokuwa na kibali cha kifalme cha kuigiza tamthilia. Kiongozi hakusahau miji ya kaskazini, ambako sheria ya viwanda ya mwaka 1850 iliwaachia wafanyakazi wa viwanda vya nguo saa nane mchana siku ya Jumamosi. Kwangu mimi hii ndiyo hoja nzito kuliko zote, kwa maana mshahara bila muda wa mapumziko haumfikishi mtu ukumbini.

Tulimalizia Wilton's, ukumbi wa muziki uliofunguliwa mwaka 1859 mashariki mwa jiji, karibu na bandari. Nilisimama chini ya roshani nikazitazama nguzo zake nyembamba za chuma, zilizosokotwa kama kamba kuanzia chini hadi juu, nikawafikiria mabaharia na vibarua waliokula, wakanywa na kuimba pamoja na wasanii chini ya taa za gesi.

Kasoro ni moja, nayo si ndogo. Milango ya pembeni na ngazi walizotengewa wenye tiketi za bei nafuu, ili wasikutane na matajiri, ilitajwa kwa sentensi moja tu huku tukitembea. Hata hivyo ningelipia ziara hii tena, na ningependa iongezwe nusu saa kwa ajili ya milango hiyo.